Fungua Kabla ya Kukaza: Breki za Mashine za Kukata Majani za Kuendesha

Mada kwa semina ya mafundi na wasimamizi wa viwanja



Nimeombwa nizungumzie breki za mashine za kukata majani ambazo dereva huziendesha akiwa amekaa, kama mnazotumia kwenye viwanja vya gofu, vyuoni na hotelini. Ya msingi nitayapita haraka, maana mnayajua.

Breki ya nyingi kati ya mashine hizi ni diski moja ndogo ubavuni mwa giaboksi ya nyuma. Ukikanyaga pedali, fito huvuta mkono wa breki, mkono husukuma pini mbili, pini husukuma bamba la chuma, bamba hubana pedi ya nje kwenye diski, na diski husogea hadi kwenye pedi ya ndani. Handibreki ni ndoana tu ya kuzuia pedali hiyohiyo isirudi juu. Zipo giaboksi zenye breki ndani ya oili, kama Tuff Torq K46. Nitakayosema kuhusu pedi hayazihusu hizo.

Tatizo la nati

Hili ndilo lililonileta. Dereva analalamika kwamba breki hazishiki. Fundi anachomoa pini inayofunga nati ya mkono wa breki, anaikaza nati nusu mzunguko, anajaribu uani, mashine inasimama, inakwenda kazini. Baada ya muda inarudi, anakaza tena. Nimeupinga mtindo huu kwa miaka mingi na bado naukuta karibu kila karakana ninayoingia. Nati ile imewekwa kufidia pedi inayolika. Haifidii kutu wala oili.

Niwape mfano wa chuo kimoja chenye uwanja unaoteremkia korongoni. Nati ilikuwa imekazwa mpaka uzi wa bolti umekwisha. Tulipofungua bolti mbili za kalipa tukakuta pedi ya nje imebaki wembamba wa sarafu, na ya ndani karibu mpya. Diski ilikuwa imeganda kwa kutu kwenye meno ya shafti, haitelezi, kwa hiyo pedi moja ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ya mbili. Pini moja nayo ilikuwa imekwama kwenye tundu lake. Mashine ile ilikuwa ikioshwa kwa maji ya presha kila jioni na kuegeshwa ikiwa imelowa. Hakuna spana ya kukaza ambayo ingeitibu.

Kukaza kupita kiasi kunaleta madhara yake. Pedi zinagusa diski muda wote, diski inachemka hadi kugeuka bluu, mkanda unakwisha kwa kuvuta mashine iliyofungwa breki, na uso wa pedi unaungua na kung'aa. Pedi ya namna hiyo haishiki, na fundi anarudi kukaza. Wakati mwingine pedali inakuwa ngumu kiasi cha kutofika kwenye swichi inayoruhusu injini kuwaka, na hapo mtu anaunganisha waya moja kwa moja ili kazi iendelee. Jambo hilo linanisikitisha kuliko yote, kwa sababu sasa mashine imepoteza breki na kinga kwa pamoja.

Mashine za haidroliki zina mtego wao. Dereva akiachia pedali ya mwendo, giaboksi yenyewe hupunguza kasi, kwa hiyo breki inaweza kukaa wiki nzima bila kukanyagwa, ikishika kutu. Siku mtu anapovuta wenzo wa kuiachia giaboksi ili asukume mashine, kinachobaki ni ile diski peke yake. Na kwa kawaida diski hiyo iko kabla ya difu: tairi moja likiinuliwa kwa jeki, au likisimama kwenye majani yaliyolowa, linaweza kuzunguka kinyume na kuliacha jingine libiringike huku diski imefungwa kabisa.

Mapendekezo

Natambua kuwa kila taasisi ina taratibu zake, na simnyooshei mtu kidole. Hata hivyo naomba haya yafanyiwe kazi.

Nati isiguswe kabla kalipa haijafunguliwa. Injini izimwe, waya wa plagi utolewe, matairi ya mbele yawekewe kabari. Pini na matundu yake visafishwe kwa brashi ya waya, na diski iteleze kwenye shafti kwa kusukumwa na kidole. Pedi iliyonyonya oili itupwe, na sili inayovuja ibadilishwe siku hiyohiyo.

Marekebisho yafanywe kwa fila geji. Giaboksi nyingi za aina hii zinataka nafasi ya inchi 0.015, karibu milimita 0.38, lakini mwongozo wa mashine husika ndio wa kufuatwa, kwani nyingine hupimwa kwenye fito handibreki ikiwa imevutwa.

Jaribio la uani halitoshi. Kwenye zege kavu na tambarare, kwa mwendo wa juu kabisa, mashine isimame ndani ya futi 5, yaani mita moja na nusu. Kisha handibreki ivutwe, giaboksi iachiwe, mashine isukumwe: matairi ya nyuma yafunge na kuburuzika. Yakizunguka, haitoki.

Maji ya presha yasielekezwe kwenye giaboksi. Miteremko inayozidi digrii 15 ikatwe kwa fyekeo. Kadi ya kazi iandikwe unene wa kila pedi, maana maneno "breki zimerekebishwa" hayamwambii kitu fundi wa zamu inayofuata. Narudia pia kuhusu swichi: waya uliounganishwa kienyeji ukionekana, mashine isimamishwe.

Kwa wenzetu wa manunuzi, seti ya pedi, pini na bamba iwepo stoo wakati wote, isisubiri zabuni. Na mashine iliyoshindwa jaribio izuiwe kwa hati iliyosainiwa na fundi, hata kama kesho ni mahafali na majani yamefika magotini. Msimamizi anayetaka itoke aandike na kusaini kwenye hati hiyohiyo. Amri ya simu isikubaliwe.