Mpaka Kwanza, Ramani Baadaye

(Mazungumzo mbele ya viongozi wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nieleze jinsi ramani za uoto wa ardhi zinavyotengenezwa kwa kompyuta. Nitashika hatua ya kwanza tu, yaani kuweka eneo la uchunguzi, kwa kuwa kosa linalofanyika hapo huharibu kazi yote inayofuata. Tena hatua hii haihitaji fundi peke yake. Yahitaji wenye mashamba.

Programu za kazi hii, kama vile QGIS, hupatikana bila malipo. Picha nazo ni za bure: zile za setilaiti za Landsat tangu mwaka 2008, na zile za Sentinel-2, iliyorushwa mwaka 2015. Kwa hiyo gharama kubwa iliyobaki ni fikra zetu wenyewe.

Jambo la kwanza ni kujua swali letu. Kompyuta haitauliza, itapima kila kilichomo ndani ya mstari na kuacha kila kilicho nje. Tukitaka kujua ukubwa wa mashamba ya mikorosho ya wanachama, mstari ufuate mipaka ya vijiji. Lakini tukitaka kujua hali ya mikoko ya maingilio ya Ruvuma, mstari huo hautufai. Mto hauishii kijijini: ng'ambo yake ni Msumbiji, na tope linalojenga na kubomoa kingo zake hutoka mbali, pande zote mbili. Basi ukingo wa kusini nao uingizwe.

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ina kilometa za mraba 650 hivi, bahari na nchi kavu, na ndani yake wamo wanavijiji, kama wale wa Msimbati. Mtu akichukua mpaka wa Hifadhi na kuufanya eneo la uchunguzi, atapata jibu juu ya Hifadhi, wala si juu ya chama cha msingi ambacho mashamba ya wanachama wake yako nusu ndani na nusu nje.

Jambo la pili ni vipimo. Ramani za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, bali vyombo vya leo vya kupimia hutumia WGS 84. Vikichanganywa bila kugeuzwa, alama yaweza kuhama kiasi cha meta 300. Hizo zatosha kabisa kumtoa mkulima shambani mwake na kumweka shambani mwa jirani.

Jambo la tatu ni ukubwa wa jicho. Landsat huona ardhi kwa vipande vya meta 30 kwa 30. Ekari moja hupata vipande vinne na nusu tu. Sentinel-2 huona kwa meta 10, na ekari hiyo hiyo hupata vipande 40. Kwa mkulima mwenye ekari mbili tatu, tofauti hiyo si ndogo.

Jambo la nne ni majira. Picha za masika hufunikwa na mawingu. Wakati wa kiangazi miti mingi ya misitu ya bara hupukutisha majani, ilhali mkorosho hubaki na kijani chake. Basi picha ya Mei na picha ya Agosti zikiwekwa pamoja husaidia kutenganisha viwili hivyo. Pwani tazameni pia maji: wakati wa bamvua mikoko mifupi huzama, na kompyuta huiandika kuwa bahari.

Ndugu wajumbe, hapa ndipo penye uzito. Mikorosho mikubwa iliyofungana matawi, kwa setilaiti, ni msitu. Mikorosho michanga iliyopandwa meta 12 kwa 12, na mihogo katikati, ni kichaka. Ramani kama hiyo ikiwekwa mezani siku ya kupanga matumizi ya ardhi, jasho la miaka 30 litasomwa kuwa pori lisilo na mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji dhamana ya kusimamia ardhi ya kijiji. Lakini dhamana hiyo haitetewi kwa ramani ambayo kijiji hakikuiona ikianza.

Kwa hiyo nashauri kila chama cha msingi kifanye mambo matatu. Kwanza, kiulize swali la ramani kabla ya mstari kuchorwa, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Pili, kichague wanachama wanaoyajua mashamba, watembee na wapimaji na kuonyesha: huu mkorosho, huu msitu, huu mkoko. Tatu, kidai nakala ya mpaka uliotumika, pamoja na tarehe za picha, iwekwe ofisini penye daftari la wanachama.

Fundi anaijua kompyuta, nasi twaijua ardhi. Mstari huo uchorwe na wote wawili.