Saa Chache Nchi Kavu: Bandari za Amerika ya Kusini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wenzangu mliosoma hapa, na ninyi vijana mliokalia leo madawati ambayo sisi tuliyachora majina yetu:

Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya safari yangu ya Amerika ya Kusini aliniwekea sharti moja tu, kwamba nisizidishe nusu saa kwa kuwa pilau litapoa. Nitajitahidi.

Kwanza nieleze nilifikaje huko, maana nasikia kuna minong'ono kwamba mzee ameokota hazina. Hazina hakuna. Nimefanya kazi bandarini miaka thelathini na mmoja, Tanga kwanza, kisha Dar es Salaam, nikihesabu mizigo ya watu. Nilipokwisha staafu, binti yangu ambaye ni muuguzi Ujerumani, pamoja na mumewe, wakanichukua katika meli ya watalii mwishoni mwa mwaka 2018. Meli ilivuka Atlantiki, ikatia nanga Salvador, Rio de Janeiro, Montevideo na Buenos Aires, ikazunguka chini kabisa ya bara lile, na kutushusha Chile. Kutafuta visa za nchi zote hizo kulinichosha kuliko bahari.

Wazee mtakumbuka tulivyofundishwa bara hilo katika darasa lile la pembeni lenye paa la bati. Mwalimu akitaja bandari, sisi tunajibu bidhaa. Santos, kahawa! Buenos Aires, nyama na ngano! Iquique, nitrati! Mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakujibu. Lakini katika orodha ile bidhaa moja haikuandikwa. Ilishushwa katika bandari zote nne za upande wa Atlantiki nilizozikanyaga, na sehemu yake ilitoka upande huu wetu wa Afrika. Nasema watu. Hayo ndiyo nataka kuyazungumza leo. Mandhari ya milima na fukwe mtayaona katika picha.

Meli ya watalii haikai bandarini. Inaingia alfajiri, inafunga kamba, na penye ngazi unakuta ubao umeandikwa saa ya kurudi. Usiporudi, meli inaondoka na sanduku lako. Kwa hiyo una saa nane, pengine kumi, na meli yenyewe inakuuzia matembezi ya basi ambayo yanakurudisha kwa wakati. Ni mpango mzuri kwa asiyejua aendako. Lakini mtu wa bandari ana faida moja: anajua kwamba mji wa bandari huanza getini, na kwamba mambo yake ya zamani hayako mbali na maji. Mimi nilitembea kwa miguu.

Salvador nitaipita upesi. Ulikuwa mji mkuu wa Brazili tangu 1549 hadi 1763. Umegawanyika, mji wa chini penye bandari na mji wa juu kileleni, na watu hupanda kwa lifti kubwa iliyofunguliwa mwaka 1873. Juu kuna mtaa uitwao Pelourinho, na maana ya jina hilo ni nguzo ya kuchapia watu viboko. Watalii hupiga picha hapo wakicheka. Sidhani wote wameuliza maana ya jina. Hapo hapo mama mmoja aliyevaa gauni jeupe na kilemba alikuwa akikaanga kitu ambacho harufu yake ilinisimamisha. Wanakiita acarajé. Ndugu zangu, ile ni bajia ya kunde! Kunde zimemenywa, zimesagwa, zimekaangwa, ila wao hutumia mafuta ya mawese na kupasua bajia katikati kutia kamba. Asili yake ni Afrika ya Magharibi, wala siyo pwani yetu, lakini nilikula nne.

Rio ndiyo iliyonipeleka huko, hata kabla sijajua. Binti yangu na mumewe walipanda mlimani kuitazama ile sanamu kubwa ya Kristo iliyozinduliwa mwaka 1931. Mimi niliwaambia nitawaona jioni. Kutoka gati la meli za watalii, mwendo wa kama robo saa kwa miguu, kuna shimo pana kando ya barabara, limezungushiwa vizuizi, nalo ndani yake ni mawe matupu. Basi la watalii halisimami hapo. Hilo ndilo gati la Valongo.

Nilisimama nikayasoma mawe yale kama ninavyosoma karatasi ya shehena. Yapo mawe ya tabaka mbili. Ya chini ni mawe mabaya mabaya, ya duara na ya pembe, yaliyopangwa haraka. Hayo ni ya mwaka 1811. Ya juu yamechongwa vizuri, yana nyuso sawa. Hayo ni ya mwaka 1843. Habari yake ni hii. Soko la watumwa la Rio lilikuwa katikati ya mji, na karne ya kumi na nane wakubwa wakaona ni aibu kwa macho yao, wakalihamishia Valongo, nje kidogo. Baadaye likajengwa gati la mawe kwa ajili ya kuwashusha. Inakadiriwa kwamba Waafrika 900,000 walipitia hapo. Mwaka 1831 Brazili ikatunga sheria ya kukataza kuingiza watumwa, gati likafungwa, ingawa magendo yaliendelea miaka karibu ishirini tena kwingineko. Kisha, mwaka 1843, mfalme Pedro wa Pili alipokuwa anampokea bibi arusi wake kutoka Napoli, ilitakiwa mahali pazuri pa kumshushia. Wakachukua gati lile lile, wakalifunika kwa mawe mapya, wakaliita Gati la Malkia. Hata hilo nalo likafukiwa baadaye. Likaja kufukuliwa mwaka 2011, wakati mji unatengeneza eneo la bandari kwa Michezo ya Olimpiki ya 2016, na mwaka 2017 UNESCO ikaliweka katika Urithi wa Dunia.

Nimeona magati mengi yakitengenezwa. Tabaka jipya huwekwa juu ya la zamani ili kuongeza nguvu. Hapa tabaka jipya liliwekwa ili bibi arusi asikanyage palipokanyagwa na wale.

Sasa vijana, nisikilizeni hasa ninyi mnaotoka Masasi, Newala na Tunduru. Wengi waliofika Valongo walitoka Angola na Kongo. Lakini baada ya mwaka 1811 meli za Rio zilizidi kuja upande wa Bahari ya Hindi, katika Kisiwa cha Msumbiji, Quelimane na Inhambane. Waliobebwa humo, pamoja na wengineo, ni Wamakua na Wayao, watu ambao mpaka wa Ruvuma haukuwagawa wakati ule kwa sababu mpaka haukuwapo. Huko Rio waliandikwa wote kabila moja, "Moçambique". Safari yao ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuchukua miezi zaidi ya miwili, na wengi hawakufika. Ipo meli moja, São José, iliyotoka Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 ikielekea Brazili na zaidi ya watu 400. Ilivunjika mwambani karibu na Cape Town mwezi huo huo. Karibu nusu yao walizama, na waliookoka waliuzwa pale pale. Mabaki ya meli hiyo yalitambuliwa rasmi mwaka 2015.

Mbele kidogo ya Valongo kuna nyumba ambayo wenyewe, mume na mke, walikuwa wanaitengeneza mwaka 1996, mafundi wakachimba wakakuta mifupa. Ilikuwa makaburi ya "Pretos Novos", yaani Weusi Wapya, wale waliofika bandarini wakafa kabla ya kuuzwa. Nasema makaburi kwa heshima tu. Walitupwa pamoja, na mifupa ilichomwa na kupondwa. Leo nyumba ile ni makumbusho, na unatazama chini kupitia kioo. Mwongozaji, kijana mwanamke mwenye Kireno cha haraka, aliniuliza kwa msaada wa simu yake natoka wapi. Nikasema Tanzania, jirani wa Msumbiji. Akafunga simu. Akanishika mkono akanipeleka tena kwenye kioo, tukasimama wawili bila mkalimani. Nilisoma Fatiha. Sijui marehemu wale walikuwa wa dini gani, lakini nilikuwa mtu wa kutoka upande wao, na saa yangu ya kurudi melini ilikuwa inakaribia.

Njiani nikapita duka la mboga limeandikwa "Quitanda". Nikafikiri wanauza vitanda! Kumbe ni neno la Kimbundu cha Angola, maana yake genge la kuuzia vitu. Maneno yalivuka na wenyewe.

Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, ni mji mtulivu na safi. Bandarini kuna nanga ya manowari ya Kijerumani Graf Spee, ambayo nahodha wake aliizamisha mwenyewe nje ya bandari ile tarehe 17 Desemba 1939. Wazee wa bandari watapenda kujua kwamba mwezi mmoja tu kabla ya hapo manowari hiyo ilikuwa huku kwetu, ikaizamisha meli ndogo ya mafuta, Africa Shell, pwani ya Msumbiji. Bahari ni moja.

Lakini mimi nilikwenda kusikiliza ngoma. Mwaka 1791 Montevideo iliteuliwa kuwa bandari pekee ya kuingizia watumwa katika nchi zote za mto La Plata. Wajukuu wao ni wachache leo, ila kila Jumapili jioni hutoka barabarani katika mitaa ya Barrio Sur na Palermo. Bahati yetu ilikuwa Jumapili na meli ililala hapo. Wanawasha moto pembeni mwa barabara, wanazilaza ngoma kuuzunguka ili ngozi zikaze. Mnanielewa? Watu weupe na weusi, Amerika ya Kusini, wanaota ngoma motoni kama kijijini kwetu! Ngoma zao ni tatu, chico ndogo, repique ya kati, na piano yenye sauti nzito. Wanazivaa begani kwa mkanda na kupiga mkono mmoja kwa kiganja, mwingine kwa kijiti. Jina la ngoma hiyo ni candombe. UNESCO iliitambua mwaka 2009.

Haikuwa rahisi kufika hapo. Palikuwa na nyumba kubwa ya kupanga iliyoitwa Mediomundo, ambamo familia nyingi za watu weusi ziliishi na ngoma zilitokea uani. Serikali ya kijeshi ya wakati huo ikaamua kuibomoa. Tarehe 3 Desemba 1978 wapigaji walikusanyika wakaipigia nyumba yao kwa mara ya mwisho, kisha wakahamishwa, nyumba ikavunjwa. Mwaka 2006 tarehe hiyo hiyo ikafanywa kwa sheria kuwa siku ya taifa ya candombe.

Buenos Aires iko ng'ambo ya mto, mto wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa na kina kidogo cha kusikitisha. Zamani meli zilitia nanga mbali, abiria wakashushwa katika mashua, kisha katika mikokoteni yenye magurudumu marefu iliyoingia majini. Sisi wa Tanga tuliofanya kazi na matishari tunaelewa taabu hiyo. Wakajenga bandari ya Eduardo Madero, ikamalizika mwaka 1897, na baada ya miaka michache meli zikawa kubwa kuliko milango yake. Mhandisi Luis Huergo alikuwa ametoa mpango wake kabla, wakaukataa. Bandari mpya waliyolazimika kujenga baadaye ilifuata fikra zake. Maghala ya Madero leo ni mikahawa ya bei mbaya.

Katika mji huo niliuliza habari za watu weusi. Mhudumu wa mkahawa akaniambia kwa adabu kabisa kwamba Argentina hawakuwahi kuwapo. Hesabu ya mwaka 1778 iliwakuta karibu watu watatu katika kila kumi wa mji ule. Vita, homa ya manjano ya 1871, kuoana, na makarani walioandika watu rangi nyingine, vyote viliwapunguza machoni. Hesabu ya mwaka 2010 ilipowauliza tena, karibu watu 150,000 walijibu kwamba wana asili ya Afrika. Rio walifukia gati. Hapa nadhani walifukia watu wakiwa hai, na hilo naliona baya zaidi.

Kusini mwa hapo ni baridi na upepo. Ushuaia nilitembelea jela ya zamani iliyofungwa mwaka 1947, ambayo sasa ni makumbusho. Punta Arenas nikaona watalii wakipanga foleni kubusu kidole cha mguu cha sanamu. Mimi sikubusu. Mwisho tulishushwa San Antonio, Chile, tukaenda Valparaíso kwa basi. Mji umening'inia milimani, na vigari vya kamba hupandisha watu tangu 1883. Ulikuwa kituo cha kila meli iliyozunguka Rasi ya Horn, mpaka mfereji wa Panama ulipofunguliwa Agosti 1914 na meli zikaacha kupita. Mzee mmoja kule gatini, aliyewahi kuwa karani wa mizigo kama mimi, alinionyesha kwa vidole kreni zipi zinafanya kazi na zipi zimesimama. Tulielewana vizuri sana bila lugha.

Ndugu Mwenyekiti, naona mpishi amechungulia mara mbili. Ramani yenye alama za vituo vyote nimemkabidhi Mwalimu Mkuu kwa ajili ya maktaba, na orodha ya ile mitaa ya Rio nimeiandika nyuma yake. Picha ninazo mfukoni. Mimi nalala hapa bwenini hadi kesho asubuhi; anayetoka Masasi au Tunduru na ana babu anayesimulia habari za zamani, anitafute baada ya chakula, ninayo maswali ya kumuuliza.