Mtoto Mwenye Ulemavu wa Viungo na Mchezo wa Timu

Kama mtoto mwenyewe yuko karibu, mwache asikilize pia, maana leo tunazungumza juu yake.

Tunamzungumzia mtoto ambaye miguu yake haina nguvu au haipo: aliyeugua polio, aliyezaliwa na mgongo wazi, mwenye mtindio wa ubongo, au aliyekatwa mguu baada ya ajali. Mtoto huyo akitoka hospitalini mama hupewa mazoezi ya kumfanyisha. Mnyooshe goti, mgeuze ubavu, mwambie ajiinue kwa mikono mara kumi. Wiki ya kwanza mambo yanaenda. Wiki ya tatu mtoto akimwona mama anakuja na mkeka anaanza kulia, na mama naye ana shamba linalomngoja. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Zoezi lisilo na sababu humchosha hata mtu mzima.

Daktari Ludwig Guttmann aliliona jambo hili zamani. Mwaka wa 1944 alifungua wodi ya watu walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wengi walikuwa askari vijana. Siku hizo mtu wa aina hiyo alilazwa tu, akapata vidonda vya kulalia na maradhi ya figo, akafa. Guttmann aliwatoa vitandani akawaingiza michezoni, na michezo ikawa sehemu ya matibabu yao. Tarehe 29 Julai 1948 watu 16 walishindana pale kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Hapo ndipo ilipoanzia safari ya mashindano ya Paralimpiki, yaliyofanyika kwanza Roma mwaka wa 1960. Kenya ilianza kushiriki mwaka wa 1972 kule Heidelberg, Ujerumani.

Sasa kuna mama anayesema: hayo ni ya Ulaya, mimi kiti cha magurudumu cha kuchezea mpira wa vikapu nitakitoa wapi? Ni kweli, viti vya michezo ni ghali. Kwa hivyo leo tukae na mchezo usiotaka kiti hata kimoja, yaani voliboli ya kukaa. Ulianza Uholanzi mwaka wa 1956, na jirani zetu wa Rwanda wameushika vizuri sana. Timu yao ya wanaume ilicheza Paralimpiki ya London mwaka wa 2012, na ya wanawake ikacheza Rio mwaka wa 2016.

Wachezaji wote huketi chini. Sheria kubwa ni kwamba unapougusa mpira, makalio yasiinuke. Uwanja rasmi ni mita 10 kwa mita 6, lakini nyumbani nyasi mbele ya nyumba zatosha. Funga kamba kati ya miti miwili, juu kidogo ya kichwa cha mtoto aliyeketi. Tafuta mpira mwepesi. Kisha waite ndugu zake na watoto wa jirani, na wao pia waketi. Hapo yule anayekimbia kila siku ataona ugumu, kwa maana hajazoea kusogea kwa mikono, na mara nyingi mwenye ulemavu ndiye atakayemfundisha.

Tazama sasa kinachotendeka mwilini. Mpira ukienda kushoto, mtoto huweka viganja chini, husukuma, na kujivuta upande huo. Akifika huinua mikono yote miwili na kiwiliwili kinabaki kimejishikilia chenyewe. Kwa nusu saa amefanya hivyo mara nyingi kuliko mara kumi za kwenye mkeka, na hakuna aliyehesabu. Mabega na mikono hiyo hiyo ndiyo itakayomtoa kitandani hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi chooni. Mama, mtoto wa miaka minne unambeba mgongoni. Akiwa na miaka kumi na mitatu, mgongo wako hautakubali. Kujihamisha mwenyewe ni lazima ajifunze kabla ya siku hiyo.

Kwa nini timu, na siyo kurusha mpira ukutani peke yake? Kwa sababu ukuta haumngoji. Timu ikiwa na watu sita na mmoja hayupo, pengo linaonekana. Mtoto aliyezoea kungojwa alishwe na avikwe, siku moja anaambiwa, “Mbona jana hukuja? Tulishindwa.” Mimi naona neno hilo lina dawa ndani yake. Lakini awe mchezaji kweli. Kuna shule zinazompa mtoto kazi ya kuhesabu pointi mwaka mzima, kisha zinasema naye ameshiriki. Na wenzake wasimwachie pointi kwa huruma. Watoto hulitambua jambo hilo upesi sana, na hulichukia.

Niseme wazi kwamba mchezo hauponyi kupooza, wala hauchukui nafasi ya kliniki. Kabla ya kuanza, mwonyeshe mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali iliyo karibu, hasa kama mtoto amefanyiwa upasuaji karibuni au nyonga imetoka mahali pake. Mwenye kifafa acheze, lakini dawa zake zisikatizwe. Mwenye mrija wa kutoa maji kichwani asipige mpira kwa kichwa.

Mtoto asiyehisi chini ya kiuno anahitaji macho yako zaidi. Mkalishe juu ya kitu laini, kamwe siyo saruji iliyopigwa na jua, maana ataungua bila kujua. Baada ya mchezo mvue nguo uangalie makalio, mapaja na visigino. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuta doa lililozidi kuwa jeusi, sehemu yenye joto, au iliyokuwa ngumu. Ukiliona, asikalie hapo mpaka liishe, na lisipoisha nenda kliniki. Mguu ukivimba na kupata joto, hata kama hasemi anaumwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana mifupa isiyosimamiwa huwa dhaifu na huvunjika kimyakimya. Anywe maji, na akojoe au atolewe mkojo kabla ya kucheza. Na mtoto wa mgongo wazi asichezee baluni. Wengi wao hudhuriwa na mpira wa aina hiyo, wakapata vipele au hata kushindwa kupumua.

Kina mama wa wasichana huniuliza, nitamwachaje binti yangu na watu nisiowajua? Swali ni zuri. Usimwache. Nenda naye, mjue kocha, uliza ni nani atakayemsaidia chooni, na awe mwanamke mnayemwamini. Timu isiyotaka mama aketi pembeni kutazama si ya kumpelekea mtoto.

Kama hujui pa kuanzia, uliza katika kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, kile ambacho wengi wanakiita EARC. Walimu wa pale wanazijua shule za karibu. Ziko shule za watoto wenye ulemavu wa viungo kama Joytown kule Thika, Joyland Kisumu na Port Reitz Mombasa. Lakini usingoje nafasi ya shule ndipo ufunge kamba. Jumamosi hii watoto wanne na mpira mmoja wanatosha, wawili kila upande.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya vidonda vya kulalia na jinsi ya kutengeneza mto wa kukalia nyumbani. Kwaherini.