Kipenyo Hakibadiliki: Pampu ya Afridev na Uchoraji wa Vipuri

Mazungumzo ya ofisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wanafunzi wa ufundi, Msambweni



Nimeombwa nizungumzie uchoraji wa vipuri kwa kompyuta. Mimi nilisomea uandishi wa habari, si uhandisi, kwa hiyo nitaanzia kisimani.

Wengi wenu mmekulia karibu na pampu ya mkono ya Afridev. Pampu hiyo, inayotumika leo katika nchi nyingi za Afrika na Asia, ilifanyiwa majaribio humu humu Kwale miaka ya 1980. Shabaha ilikuwa pampu ambayo wanakijiji, akina mama wakiwa mbele, wataitengeneza wenyewe bila kungoja gari la mradi. Pistoni yake huvutwa juu bila kung'oa mabomba. Na mchoro wake ni mali ya umma: kiwanda chochote, kiwe Kenya au India, chaweza kuiunda.

Hapo ndipo penye kazi. Mpira wa pistoni ulionunuliwa Ukunda sharti uingie kwenye silinda iliyotoka kiwanda kingine. Visima havilingani; silinda moja hufungwa mita 15 chini, nyingine mita 40, na idadi ya mabomba na fito hufuata kina hicho. Lakini kipenyo cha ndani cha silinda ni milimita 50 popote. Mpira ukipwaya, maji hurudi chini na mama anasukuma mkono bure. Ukibana mno, unalika mapema. Kijiji kizima kinarudi dimbwini kwa kipuri kinachoenea kiganjani.

Sasa kompyuta. Anayechora silinda, pistoni na mpira kila kimoja peke yake, akiandika namba upya kila mara, siku moja atabadilisha mbili asahau ya tatu. Kiandikeni kipenyo mara moja, kipeni jina, halafu vipimo vingine vikitegemee kwa hesabu: kipenyo cha pistoni ni kipenyo cha silinda ukitoa nafasi ya kuteleza. Idadi ya mabomba ni kina cha silinda kugawanywa kwa 3, maana bomba moja lina mita 3. Ukibadilisha kina, orodha inajipanga yenyewe, kipenyo hakiguswi. Programu ya FreeCAD, ambayo ni ya bure, ina jedwali la kazi hiyo. Na jina liwe "kipenyo_silinda", tafadhali, si "namba7". Atakayefungua mchoro wenu mwaka kesho hatakuwa na ninyi pembeni.

Ila msifunge kila kitu pamoja. Namba mbili kufanana hakuzifanyi ndugu. Bolti ikiwa na urefu wa milimita 50, haina uhusiano na silinda. Mkiziunganisha, atakayebadilisha bolti atakuwa ameharibu pampu.

Andikeni pia mpaka unaoruhusiwa, juu na chini, kwa sababu hakuna mashine inayokata 50 kamili kila siku.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za maji na vyuo vya ufundi vya vijijini viko kwa kaunti, kwa hiyo hapa hatuna pa kusukumia lawama.

Kwenye meza ya nyuma kuna silinda na pistoni kuukuu. Zipimeni kwa kalipa kwanza, ndipo mfungue kompyuta.