Ukitaka Ubingwa, Anza na Barua ya Mwajiri

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa madaktari wa hospitali za kaunti ndogo, katika kikao cha Idara ya Afya kuhusu masomo ya uzamili.



Najua baadhi yenu mnajiuliza mwanahabari ana lipi la kuwaambia madaktari kuhusu masomo yao. Idara iliniomba niandike mwongozo wa namna ya kutuma maombi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani ya mwili, na kwa sababu hiyo nimeketi na maafisa wa rasilimali watu na madaktari waliokwisha kupita njia hiyo. Kuhusu dawa sina la kuwafundisha. Kuhusu karatasi na maneno, labda ninalo.

Nianze na sababu ya kuchagua fani hii. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, wananchi wetu wamekuwa wakituuliza swali moja kila kwenye mkutano wa hadhara: daktari mkubwa yuko wapi? Wakisema daktari mkubwa hawamaanishi mpasuaji peke yake. Wanamaanisha mtu wa kumwangalia mama mwenye kisukari, kidonda mguuni, presha iliyopanda, na figo zilizoanza kuchoka, yote kwa mpigo. Wodi zenu mnazijua. Kitanda cha kwanza amelala mzee mwenye kifua kikuu, cha pili kijana ambaye vali za moyo zimeharibika kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, cha tatu mama aliyejifungua mwezi uliopita na sasa anavimba miguu na kukosa pumzi, cha nne mtu aliyeumwa na nyoka. Hatutapata bingwa wa moyo, bingwa wa figo na bingwa wa mapafu kwa kila hospitali ya kiwango cha 4. Daktari mmoja aliyebobea katika magonjwa ya ndani kwa upana wake anaweza kuwashughulikia wote hawa, na kusema kwa uhakika ni nani lazima aende Nairobi au Eldoret na ni nani atibiwe hapa hapa.

Uamuzi huo wa mwisho una bei. Rufaa si ambulensi tu. Ni jamaa wawili kulala mjini wiki nzima, ni mbuzi kuuzwa, ni watoto kuachiwa jirani. Mgonjwa anayepelekwa mbali bila haja na yule anayecheleweshwa wakati ana haja wote wanaumia.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, kabla ya kuruhusu hospitali kupokea wanagenzi, huangalia kama kuna wataalamu wa kuwasimamia, na magonjwa ya ndani ni mojawapo ya idara kuu ambazo mwanagenzi lazima azipitie. Kwa hiyo bingwa mmoja hatibu tu. Anafungua mlango wa madaktari vijana kuja, na baadhi yao huipenda sehemu na kubaki.

Sasa tuingie kwenye maombi. Kwa wanaosomea humu nchini, njia iliyozoeleka ni shahada ya uzamili ya tiba, MMed, katika chuo kikuu: Nairobi, ambako mafunzo hufanyikia Hospitali Kuu ya Kenyatta, Moi, kule Eldoret, Aga Khan, na vyuo vingine. Utahitaji shahada yako ya kwanza na matokeo ya kila mwaka, cheti cha kumaliza unagenzi, usajili wa Baraza na leseni ya mwaka huu, si ya mwaka jana. Wengi hukwama kwenye leseni. Ipo pia njia ya Chuo cha Madaktari Bingwa cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kama ECSACOP, ambapo daktari hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa na kufanya mitihani ya chuo hicho. Anayeifikiria aulize Baraza kwanza kuhusu usajili wake baadaye, na aulize kwa maandishi.

Nikizungumza na maafisa wa rasilimali watu, kisa kilikuwa kile kile. Daktari anaomba chuo, anafurahi kupata nafasi, halafu anakuja kaunti na barua ya chuo mkononi akitaka likizo ya masomo ndani ya wiki mbili. Kamati ya mafunzo imeshakutana. Bajeti imeshapita. Nafasi inapotea, na daktari anaondoka akiamini kwamba amefanyiwa hila. Wakati mwingine hakukuwa na hila yoyote. Kalenda tu ilimshinda. Masomo ya uzamili kwa kawaida huanza Septemba, na mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1. Anayetaka kuondoka Septemba lazima jina lake liwe kwenye mpango wa mafunzo wa idara kabla bajeti haijasomwa. Barua iandikwe kupitia kwa msimamizi wa hospitali, ifike kwa kamati ya mafunzo, iende kwa Afisa Mkuu, na palipo na haja, Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri, katika ofisi za serikali, haijawahi kuandikwa.

Na kabla ya msimamizi, zungumzeni ninyi wenyewe. Hospitali yenye madaktari watatu ikimtoa mmoja kwa miaka mitatu au minne, waliobaki ndio watakaobeba zamu zake za usiku. Uhusiano mwingi wa kazi umeharibika hapo. Kaeni chini, mkubaliane nani atangulie na nani amfuate, muandike, mbandike ukutani. Msimamizi akipokea ombi la mtu mmoja lililoungwa mkono na wenzake wawili, kazi yake inakuwa rahisi.

Maelezo binafsi ndiyo eneo langu, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Msianze na utoto. Wanaosoma maombi wameshakutana na kila mtoto aliyetamani udaktari tangu akiwa darasa la 3. Andika ulichokiona kazini. Sema ulikuwa daktari pekee wa zamu, ulikosa kipimo fulani, uliamua nini kwa kutumia macho, masikio na mikono, na ni swali gani ulibaki nalo ambalo ujuzi ulio nao haukutosha kulijibu. Aya moja ya namna hiyo inazidi kurasa mbili za sifa. Usitaje jina la mgonjwa, kijiji chake wala tarehe inayoweza kumtambulisha; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata unapojisifu. Kisha sema wazi unataka kurudi kufanya kazi wapi. Usiombe radhi kwa kufanya kazi mashambani. Daktari aliyekaa hospitali ndogo miaka miwili ameona mengi ambayo aliyebaki jijini hajaachwa peke yake ayaone.

Wadhamini wako waombe mapema, na uwape orodha ya kazi uliyofanya. Mdhamini aliyekusimamia wodini, hata kama hana cheo kikubwa, atakuandikia barua yenye uzito kuliko mwanasiasa anayeijua familia yenu. Kwenye mahojiano tarajieni swali la kwa nini magonjwa ya ndani na si upasuaji. Jibu la "sipendi damu" limeshasikika.

Kuhusu pesa, tuseme ukweli. Wanaojilipia karo hufanya kazi wodini usiku na mchana katika miaka hiyo, wengi wao bila mshahara. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutoa mikopo ya uzamili, lakini mkopo ni deni. Ndiyo maana likizo ya masomo yenye mshahara ni kitu kikubwa, na ndiyo maana inakuja na mkataba wa kurudi kuhudumu. Usomeni mkataba huo kabla ya kutia sahihi, mkiwa na mke au mume pembeni. Ni miaka mingapi? Ukiacha kazi, unarudisha kiasi gani? Ukirudia mwaka chuoni, inakuwaje?

Na upande wa pili wa mkataba uko hapa mbele, meza kuu. Mheshimiwa Waziri, nitalisema hili kwa heshima. Daktari bingwa akirudi akute hakuna mashine ya kupima umeme wa moyo, maabara haipimi chumvi za damu, na barua yake ya kupandishwa cheo imekwama, tutakuwa tumesomesha bingwa kwa ajili ya hospitali ya mtu mwingine. Barua ya ruhusa inayompeleka chuoni ingetaja pia kituo atakachorudi, cheo atakachopewa na vifaa ambavyo idara itavinunua kabla hajafika. Kuandika hivyo hakuhitaji sheria mpya.

Mwongozo wenyewe utapatikana kwa kila msimamizi wa hospitali na katika ofisi ya rasilimali watu ya Idara ya Afya. Rasimu ya orodha ya mpango wa mafunzo iko kwenye meza ile pale mlangoni. Anayetaka jina lake lifikiriwe aliandike leo kabla ya chai, pamoja na namba yake ya ajira na chuo anachokusudia.

Nipokee maswali sasa. Tuanze na daktari aliye nyuma kule, ameinua mkono tangu nilipotaja mshahara.