Simbilisi Mikononi mwa Watoto: Amana Wakati wa Joto



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad. Ama baada ya hayo, tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa wengine laonekana dogo: simbilisi wanaofugwa majumbani kwa ajili ya kuwafurahisha watoto.

Kwanza tuondoe shaka. Wapo wazazi wanaomkataa mnyama huyu kwa kuwa jina lake la Kiingereza lina neno la nguruwe. Jina halibadili asili ya kiumbe. Simbilisi hana nasaba na nguruwe. Yu katika kundi la wanyama wagugunao, kama panya na nungunungu, na chakula chake ni majani. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na hapa Tanzania hufugwa katika nyanda za juu kama za Iringa na Mbeya. Huko kuna ubaridi. Igunga yetu si hivyo.

Simbilisi hustarehe katika joto la nyuzi 18 hadi 24. Likizidi 30 yumo hatarini, kwani hawezi kutoa jasho. Sanduku lililowekwa chini ya bati mchana ni tanuri kwake. Na awekwe chini ya mwembe au katika chumba cha udongo chenye hewa, mbali na moshi, paka na nyoka. Apewe chungu kilichofunikwa na kutobolewa mlango, ajifiche humo, na maji safi asubuhi na jioni. Akionekana akihema kwa nguvu, akitokwa mate na kulegea, apelekwe kivulini na kupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, wala si ya barafu.

Lipo la pili, nalo husahaulika. Mwili wa simbilisi, kama wetu sisi wanadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Lazima aipate katika chakula kibichi kila siku. Akiikosa hupata kiseyeye: viungo huvimba, hukataa kula, na hufa. Nasi twajua kwamba mvua za kwetu hukatika kama mwezi wa Mei na kurejea Novemba. Basi Septemba na Oktoba joto ni kali na majani yamekauka, mambo mawili kwa pamoja. Mtoto huomba simbilisi mwezi wa Machi, nyasi zikiwa zimefika mlangoni. Mtihani huja Oktoba. Asiye na namna ya kupata matembele, mapera au pilipili hoho mwezi huo, heri asimpokee mnyama mwezi wa Machi.

Ama watoto wadogo, wasimbebe wakiwa wamesimama, kwani akianguka huvunjika mgongo. Waketi mkekani, mtu mzima akiwapo, wampakate kwa mikono miwili. Kisha wanawe kwa sabuni, maana choa huambukiza kutoka kwa mnyama hadi kwa mtoto.

Ndugu zetu, Mtume (s.a.w.) hakuwakataza watoto furaha hii. Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kindege chake, naye Mtume akimuulizia habari zake kwa upole. Lakini tumefundishwa pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Simbilisi aliye ndani ya sanduku naye hawezi kujitafutia.

Na mtoto asiyebaleghe hakalifishwi. Akisahau maji, swali halimwelekei yeye. Lamwelekea mzazi aliyemkubalia. Kwa hiyo tusiseme, “Ni wa mtoto.” Furaha ni ya mtoto, amana ni yetu. Tukiitimiza mbele ya macho yake, atajifunza huruma kwa vitendo; tukiipuuza, atajifunza kwamba kiumbe dhaifu chaweza kufa kwa kiu nyumbani mwa Mwislamu na pasiwe na wa kuulizwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachunga wema wa tulivyokabidhiwa. Amin. Wabillahi tawfiq.