Mwaka Mmoja Zaidi



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika ya tatu ya Kwaresima, Mwaka C, yatupa habari za mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji akauombea mwaka mmoja zaidi. Wala hakuomba mwaka mtupu, bali aliahidi kuuchimbia na kuutia samadi.

Mfano huu wawahusu vijana wetu wa Ikinga na Ileje nzima waliokwenda vyuo vikuu vya Mbeya, Iringa au Dodoma, wakarudi likizo na matokeo mabaya ya mwaka wa kwanza. Wazazi wameuza kahawa, pengine na ng'ombe. Kijana asema: "Chuo chenyewe ni dhaifu. Nikihamia chuo chenye sifa, nitafaulu." Tumjibuje?

Kuhama si kosa. Utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania waruhusu, na krediti alizopata zaweza kupokelewa aendako iwapo masomo yanalingana. Lakini tufanye hesabu. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, yaani 120 kila mwaka. Tuseme amepata wastani wa 2.1 katika kipimo cha 5, na chuo kipya kikauhesabu mwaka huo pamoja na alama zake. Ili afikie 3.5, mwanzo wa daraja la pili la juu, itampasa kupata 4.2 katika kila mwaka wa miwili iliyobaki. Sifa za chuo hazitampunguzia mzigo huo.

Basi, kabla ya kuuliza "niende wapi?", na aulize "kwa nini mwaka huu haukuzaa?" Ikiwa walimu na vitabu vilikosekana kweli, ahame. Ikiwa kozi haikumfaa, aombe kubadili kozi. Lakini ikiwa alikosa vipindi, au aliona haya kuuliza asichokielewa, hayo yatapanda basi pamoja naye. Mkulima wa kahawa ajua: mche wenye mzizi mkuu uliopinda hauponi kwa kupelekwa kwenye shamba lenye rutuba.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alikuwa mwalimu huko Kartago. Mwaka 383 alihamia Roma, kwa kuwa aliwachoka wanafunzi wakorofi, akasikia kwamba wa Roma ni watulivu. Kweli walikuwa watulivu. Ila ulipofika wakati wa kulipa ada, walimkimbia mwalimu wao. Mwaka 384 akahamia Milano, na huko akamsikiliza Askofu Ambrosi, aliyembatiza mwaka 387. Safari ya kwanza ilimbadilishia kero tu. Ya pili ilimfaa kwa sababu alimpata mwalimu, akakubali kufundishwa.

Enyi wazazi, mketisheni kijana, mkamwulize bila matusi. Aliyetukanwa huficha hata karatasi ya matokeo. Nanyi makatekista, msiifanye aibu yake kuwa habari ya kigangoni. Nawe kijana, nenda kwa mwalimu wako na matokeo mkononi, ujue ni somo gani lililokuangusha na kwa nini. Kisha uhame au ubaki, lakini jembe na samadi viwe mikononi mwako.

Mungu aliye mvumilivu awajalie mwaka huo mmoja zaidi, na nguvu za kuulima. Amina.